Ardhi ya Minta

Tangu kimbunga kiondoke na paa la nyumba yake, Ismay Bedeau alikuwa hakai. Aliamka, akachemsha kahawa, akainywa akiwa amesimama. Alifagia maji yaliyopenya kwenye tundu la turubai. Kisha alitoka uani akakaza kamba ambazo zilikuwa zimekazwa tayari. Akarudi ndani, akafagia tena palepale.

"Kaa, mwanamke," alisema Egbert, mumewe. "Unanichosha mimi niliyekaa."

"Nikae nafanya nini? Aprili hii inakwisha. Juni msimu wa vimbunga unaanza. Turubai hili litazuia nini? Mate ya mbuzi?"

Egbert ni fundi mashua. Hakuna mashua pale kijijini L'Esterre ambayo mkono wake haujaigusa. Lakini paa linahitaji mbao na mabati, na yeye hakuwa navyo. Kisiwa kizima cha Carriacou, huku Karibi, kilikuwa kimevuliwa kofia siku moja mwezi wa Julai. Shirika la misaada lilileta mabati, yakapangwa karibu na gati mjini Hillsborough. Majirani wengi walishapata. Ismay hakupata.

Tatizo lilikuwa swali moja kwenye fomu. Shirika liliuliza: una hati gani inayokupa haki ya kujenga hapa? Ismay hakuwa na hati yoyote. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo. Mama yake alizaliwa pale. Babu yake alizaliwa pale. Hakuna aliyewahi kugawa wala kuuliza. Kila mtu kijijini alijua ni ya kwao, lakini shirika lilitaka karatasi.

Sasa karatasi ilikuwepo, chini ya mkebe wa biskuti mezani. Karani mmoja mjini alimpa Ismay, akamwambia ndiyo njia ya mkato. Egbert aliivuta akaisoma kwa sauti.

"'Mimi, Ismay Bedeau, ninaapa kwamba nimekaa katika ardhi hii peke yangu kwa miaka mingi.' Peke yako? Na mimi je? Mimi ni mbuzi?"

"Wewe ni mume. Wewe hawakuulizi."

"'Wala hakuna mtu mwingine yeyote mwenye haki nayo.'" Egbert aliiweka chini taratibu. "Na Alban?"

Ismay alichukua ufagio.

Alban Quashie alikuwa mtoto wa mjomba wake. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, akapelekwa Brooklyn, Marekani, akiwa na miaka tisa. Miaka sita iliyopita alirudi kumzika mama yake Ismay, Bi. Adina. Ramu ilipomkolea, alisimama mbele ya watu msibani akatoa ya moyoni.

"Sisi ni akina Quashie," alisema. "Sisi ni Kromanti. Taifa linatoka kwa baba, na ardhi vilevile. Wewe Ismay ni wa upande wa kike. Hapa upo kwa hisani yetu."

Kisiwani kwetu kila ukoo unalijua taifa lake. Ni taifa la wazee walioletwa na meli kutoka Afrika: Kromanti, Ibo, Manding, Kongo, Temne. Ngoma Kubwa inapopigwa, kila mtu huinuka kucheza mdundo wa taifa lake, na taifa hilo mtu hulirithi kwa baba. Kwa hiyo maneno ya Alban yalikuwa na mahali pa kushika. Ismay mwenyewe aliyaamini nusu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, na halikuacha kumuuma kwa miaka sita.

Kisha wiki iliyopita Alban alituma ujumbe kwenye simu: "Nakuja Pasaka kwa ajili ya jiwe la shangazi. Kuna jambo la ardhi tuzungumze. Tafadhali usifanye lolote mpaka nifike."

Ismay aliusoma mara arobaini.

"Anakuja kuuza," alimwambia mumewe. "Atawapa watu wa hoteli. Si uliona ghuba ya pili? Wamejenga ukuta mpaka mchangani. Kesho kutwa naenda kuapa. Akifika, ashike hewa."

"Na jiwe la mama yako?"

Wote wawili waliangalia nje. Jiwe la kaburi la Bi. Adina lilikuwa limelala uani, limefungwa kwa kitambaa cha tanga. Jumamosi ya Pasaka lilikuwa lisimikwe makaburini, na karamu ifanyike. Mara tatu Bi. Adina alikuwa amemjia mwanawe ndotoni. Alisimama mlangoni, sahani tupu mkononi, asiseme neno. Kwetu marehemu akija na sahani tupu hatumwulizi daktari. Tunapika.

"Karamu ipo palepale," alisema Ismay. "Lakini kwanza nipate paa."

*

Kiapo kilibakiza nafasi moja isiyojazwa: jina la mtu wa kwanza aliyeimiliki ardhi. Siku ya Jumanne Ismay alitembea hadi kanisani. Nje ya kanisa, chini ya hema dogo, alikuwepo Vernice, mfanyakazi wa kumbukumbu za ardhi. Tangu kimbunga, Vernice alikuwa akizunguka vijiji na kompyuta yake na mafaili mawili makubwa, akiwasaidia watu na karatasi zao. Marehemu baba yake alikuwa tarishi wa posta. Yeye alirithi miguu.

"Karibu, Tanti Ismay," alisema, maana kwetu kila mama mtu mzima huitwa Tanti, yaani shangazi. "Kaa."

"Sikai, binti yangu. Nataka jina moja tu. Mwenyewe wa kwanza wa ardhi yetu. Niandikie Quashie, niende zangu."

"Kaa kwanza, nitafute."

"Nimesema sikai."

"Basi na mimi nasimama," alisema Vernice, akainuka. Alibonyeza kompyuta yake akiwa ameinama kama mtu anayechota maji. Alitafuta kwa muda mrefu. Ismay alibadilisha miguu.

"Tanti, si Quashie."

"Unasemaje?"

"Ardhi ilinunuliwa mwaka 1856. Aliyenunua ni Minta."

"Minta nani?"

"Minta basi. Mwanamke. Hana jina la pili. Hakujua kuandika, ameweka alama ya msalaba. Quashie alikuwa mwanawe."

Ismay alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. Maisha yake yote alisikia habari za Quashie. Quashie alilima pamba, Quashie aliwashinda watu kucheza, Quashie alinunua ardhi. Hakuna hata siku moja aliyosikia jina la Minta.

"Una hakika ni huyo?"

"Nina kingine." Vernice alimgeuzia kompyuta. Palikuwa na picha ya ukurasa wa zamani, mistari imepigwa kwa wino, na maandishi yaliyolala upande. "Hili ni daftari la watumwa la mwaka 1817. Nikusomee?"

"Soma."

"Minta. Mwanamke. Miaka kumi na minane. Kazi, shamba la pamba. Urefu, futi tano kasoro inchi moja. Alikozaliwa, Afrika. Taifa, Ibo. Alama, kovu bega la kushoto."

"Kovu la nini?"

"Hawakuandika. Waliandika mahali lilipo ili akitoroka wamtambue. Limetoka wapi, hilo halikuwahusu."

Upepo ulipekua mafaili, Vernice akayawekea jiwe.

"Kwa nini waliandika watu kwenye daftari?" aliuliza Ismay.

"Mwaka 1807 Waingereza walikataza kuleta watumwa wapya kwa meli. Lakini waliokwisha kuletwa hawakuachiwa. Walibaki mali ya wenye mashamba miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kila mwenye shamba alitakiwa aandike watu wake wote, asije akaingiza wengine kwa siri. Sasa piga hesabu, Tanti. Mwaka 1817 Minta ana miaka kumi na minane. Meli za Waingereza zilikwisha kukatazwa miaka kumi kabla. Aliposhushwa melini alikuwa na miaka mingapi?"

Ismay alihesabu kwa vidole. "Minane."

"Minane, au chini ya hapo."

"Mtoto," alisema Ismay. "Kitoto kabisa."

"Alipokua akazaa watatu. Quashie, Phibba na Bella. Sheria ya wakati ule ilisema mtoto anafuata mama. Mama akiwa mali ya mtu, na mtoto ni mali ya mtu huyo. Baba hakuandikwa hata kidogo."

"Lakini sisi tunajua baba alikuwa Kromanti."

"Mnajua kwa ngoma. Daftari halijui. Quashie kwa watu wake maana yake ni mtoto wa Jumapili. Nadhani ni yule baba aliyempa jina. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa, akampa jina na taifa. Ndiyo maana mpaka leo mnashika taifa la baba kwa nguvu. Lakini hiyo ni ngoma, Tanti. Ardhi ni habari nyingine."

Ismay aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Na hawa wengine?"

"Phibba ndiye bibi wa akina Simmons wote wa kule Huddersfield, Uingereza. Bella yumo katika daftari moja. Linalofuata hayumo. Pembeni wameandika: amepelekwa Trinidad."

"Alikuwa mkubwa?"

"Miaka sita."

Ismay alishika ukingo wa meza. Vernice alimsogezea kiti kwa mguu, pole pole, lakini Ismay hakukitazama.

"Uhuru kamili ulikuja mwaka 1838," Vernice aliendelea. "Minta alilima pamba yake mwenyewe miaka kumi na minane, ndipo akanunua kile kipande. Sikiliza alivyomwambia mwandishi aandike. 'Ardhi hii ni ya watoto wangu wote na vizazi vyao, wanaume kwa wanawake, walio hapa na waliopelekwa ng'ambo. Isiuzwe. Asifukuzwe mtu.'"

"Waliopelekwa ng'ambo," Ismay alirudia.

"Alikuwa anamngoja Bella, Tanti."

Machozi yalimtoka Ismay, akayafuta kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi. Alikuja kuchukua jina moja, naye sasa alikuwa na mtoto wa miaka sita kichwani, hajui amweke wapi.

"Visiwa vingi vya huku viko hivyo," alisema Vernice. "Watu walikuwa wamenyimwa hata watoto wao. Walipopata kipande cha ardhi hawakutaka kiwe cha mtu mmoja. Walitaka kiwe cha wote, ili asitokee tena mtu wa kwao asiye na mahali pa kusimama. Wajukuu wakaondoka. Wengine Trinidad, wengine Aruba kwenye mafuta, wengine viwanda vya Huddersfield, wengine Brooklyn. Kila aliyeondoka alijua pa kurudi. Sasa wewe ukiapa kesho kwamba ni yako peke yako..."

"Nitapata mabati!"

"Utapata. Na utakuwa umewafuta wote kwa saini moja. Halafu kiapo chenyewe ni cha uongo. Akitokea ndugu mmoja akakipinga mahakamani, kimeanguka, na paa lako linaingia kwenye kesi."

"Juni haisubiri, binti! Ukoo uko nchi nne. Nani atawakusanya?"

"Karamu ya jiwe ni lini?"

"Jumamosi."

"Basi nusu yao unao. Wengine wana simu. Chora mti wa ukoo kuanzia kwa Minta. Kila tawi liwe na cheti: cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha kifo, chochote. Kubalianeni wadhamini wawili watatu wa kuishika ardhi kwa niaba ya wote, mmoja awe hapa kisiwani. Wadhamini na wenzao wakuandikie barua kwamba wewe unajenga hapo kwa idhini yao. Barua hiyo shirika linaipokea. Nimeshapeleka barua kama hiyo kwa niaba ya familia kumi na moja. Kuandikisha ardhi kwa jina la ukoo kutachukua muda, lakini paa halisubiri hilo."

Ismay alifunga mkoba wake. Alifungua tena. "Na mtu akisema upande wa kike hauna haki?"

"Mwonyeshe Minta. Upande wa kike ndio ulionunua."

*

Ungedhani Ismay alirudi nyumbani akachana kiapo. Hakuchana. Alijua njia iliyo sawa, lakini hofu ya Alban ilikuwa bado imemkaa kifuani. Kumwomba Alban saini? Alban wa "kwa hisani yetu"? Jumatano asubuhi alivaa viatu vyake vya kanisani, akakunja karatasi akaitia mfukoni.

"Unakwenda kuapa au huendi?" aliuliza Egbert.

"Sijui. Usiniulize."

"Basi nunua na misumari. Ukiapa tutaihitaji, usipoapa tutaihitaji."

Ofisi ya kuapia ilikuwa hatua chache kutoka gatini. Ismay alifika mlangoni, akarudi nyuma, akafika tena. Mara ya tatu kivuko kilikuwa kimefika gatini, watu wanashuka. Miongoni mwao alikuwepo mzee wa kofia, anachechemea, begi mgongoni. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika kichupa cha jemu kilichofungwa kwa leso.

"Ismay!" aliita Alban. "Nani kakwambia nakuja leo? Nilisema Pasaka, nikapata nafasi mapema."

"Hakuna aliyeniambia."

"Sasa unafanya nini hapa umevaa hivyo?"

Angeweza kudanganya. Angesema amekuja kununua misumari. Lakini usiku kucha alikuwa hakulala, na ulimi wa mtu asiyelala haupangiki. Alitoa karatasi akampa.

Alban alisoma akiwa juani.

"'Hakuna mtu mwingine yeyote.' Kumbe! Nimeandika usifanye lolote, wewe unakimbilia kuniibia!"

"Nani mwizi? Wewe ndiye unakuja kuwauzia watu wa hoteli!"

"Kuuza? Nani kasema kuuza?"

"Ujumbe wako! 'Jambo la ardhi'! Jambo gani, kama si kuuza?"

Watu walisimama. Mwuza samaki wa chumvi aliacha kupima. Gatini kwetu ugomvi wa ndugu haukosi watazamaji, na baadhi yao huwa na upande tayari.

Alban alifungua leso. Ndani ya kichupa palikuwa na pamba, na juu ya pamba kipande kidogo kikavu, cheusi, kama uzi uliokunjwa.

"Hiki," alisema. "Kitovu cha mjukuu wangu. Amezaliwa Februari. Wamempa jina Adina. Mama yake kazaliwa Brooklyn, hajawahi kukanyaga hapa, lakini ameniambia, 'Baba, kakizike mahali chako kilipo.' Hilo ndilo jambo la ardhi. Nilitaka kukuomba pa kuchimba."

Ismay alisogea, akakitazama kichupa.

"Ungesema," alisema.

"Ningesemaje? Baada ya yale niliyokuambia msibani? Nilifuta huo ujumbe mara tano kabla ya kuutuma."

"Ulikuwa umelewa."

"Nilikuwa nimelewa."

"Lakini ulikuwa unaamini."

Alban alitazama viatu vyake. "Niliamini. Ndivyo baba alivyonifundisha."

"Na mimi niliamini," alisema Ismay. "Ndiyo maana nilitaka kuapa. Mtu anayejua ana haki haapi uongo. Njoo."

Alimshika mkanda wa begi, akamvuta. Siku hiyo Vernice alikuwa na hema lake palepale mjini, nyumba ya nne kutoka gatini. Ismay hakusalimu. Alisema tu, "Msomee."

Vernice alisoma yote tena. Alipofika kwenye kovu, Alban alivua kofia. Alipofika kwa Bella, aliketi bila kukaribishwa. Alipofika "asifukuzwe mtu," alijifunika uso.

"Miaka sitini na minane ninacheza Kromanti," alisema baadaye. "Sijawahi kumchezea huyu mama hata hatua moja."

"Wewe ni Kromanti bado," alisema Vernice. "Hakuna anayekunyang'anya ngoma yako."

"Lakini ninasimama juu ya ardhi ya Ibo."

"Juu ya ardhi ya Minta," alisema Ismay. "Ya Minta na wote waliotoka kwake. Wewe, mimi, na huyo wa kwenye chupa."

Alban alikuwa bado ameshika kiapo. Alikigeuza. Nyuma kilikuwa cheupe.

"Upande huu hauna kitu," alisema. "Nani ana kalamu?"

*

Siku tatu zile Ismay hakukaa, lakini safari hii alikuwa na sababu. Jina la Minta waliliandika juu kabisa, nyuma ya kiapo. Chini yake yalishuka matawi matatu. Karatasi ilipojaa, Egbert aliunganisha ya pili kwa gundi ya mashua, kisha ya tatu. Simu zilipigwa Brooklyn, Huddersfield na Toronto. Watu walituma picha za vyeti vya ubatizo, vingine vimeliwa na mende, vingine vina alama ya kikombe cha chai.

Si wote walioitika vizuri. Binamu mmoja wa Toronto alifoka, "Mnanitafuta leo kwa sababu mnataka saruji!"

Egbert alichukua simu. "Shemeji, saruji hatutaki. Tunataka jina la bibi yako. Tumelisahau, na ni aibu yetu." Upande wa pili sauti ikasema, "Anaitwa Cleothilda," na mtu yule akaongea nusu saa bila kupumzika.

Walipata majina mia moja na saba. Upande wa Bella hawakupata hata moja. Vernice alisema kumbukumbu za Trinidad zipo, ataandika barua, lakini hawezi kuahidi. Ismay alitaka kulifuta tawi lile kwa kuwa lilimchoma macho. Alban akamzuia.

"Liache hivyohivyo," alisema. "Minta aliliacha wazi."

Jumamosi adhuhuri jiwe la Bi. Adina lilisimikwa. Uani palijaa watu na moshi. Sima ya mahindi iliviringwa mabonge, mbaazi zikachemka, mbuzi wawili wakaiva. Ismay alimwaga maji na ramu chini, akawaita wazee mmoja mmoja kwa majina. Kabla ya jina la mama yake, kabla ya Quashie, aliita, "Minta." Wazee wa kijiji walitazamana. Kisha akaita, "Bella, popote ulipo." Bibi mmoja kizee akaanza kulia bila kuuliza Bella ni nani.

Kabla ya kula, watu walitulia. Ismay alieleza, Vernice akasaidia. Wadhamini walichaguliwa watatu: Ismay kisiwani, Alban Brooklyn, na Merle Simmons wa Huddersfield, ambaye uso wake ulikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya ramu. Barua ya idhini ilisomwa kwa sauti. Waliokuwepo walitia saini. Walioko mbali walituma zao, moja baada ya nyingine, na kila iliyoingia watu walishangilia kama bao limefungwa.

Ngoma tatu zikaanikwa juani, zikakazwa. Kromanti ilipigwa kwanza, kama ilivyo desturi, kuwaomba wazee radhi. Alban alicheza na goti lake bovu. Mdundo ulipokwisha, Ismay aliwaendea wapigaji.

"Sasa nipigieni Ibo."

"Ninyi si Ibo, Tanti," alisema mpigaji.

"Kwa baba si Ibo, kwa Minta ni Ibo. Piga."

Walipiga. Ismay aliingia uwanjani peke yake, sketi mkononi. Alikuwa amechoka, miguu inamuuma, na hajui hatua zote. Kisha Alban alikuja akasimama kando yake, akaiga hatua zake, naye hazijui. Watu walicheka, wakapiga makofi, na Merle akapiga kelele ndani ya simu kwamba haoni, mtu amgeuze.

Mezani ndani ya nyumba, chini ya turubai, sahani ya wazee ilikuwa imejazwa na kufunikwa kitambaa cheupe, kama desturi inavyotaka. Ismay aliongeza sahani ya pili, ndogo, ya mtoto wa miaka sita.

Jumapili jioni walichimba shimo. Kitovu cha Adina mdogo kilizikwa hatua tano kutoka mahali pa kitovu cha babu yake, na juu yake wakapanda mche wa mshelisheli. Bi. Adina hakuja tena na sahani yake tupu.

*

Barua ilipokelewa. Wiki ya pili ya Mei mabati yalifika kwa lori, na Egbert akaliezeka paa kama anavyojenga mashua, kila ubao umeshikana na mwenzake kwa misumari na mikanda ya chuma. Maombi ya kuandikisha ardhi kwa jina la ukoo yalipelekwa pia. Yako njiani bado. Vernice huyafuatilia kila anapopita, na watu wa kijiji kingine sasa wamemwita Ismay awaeleze wanavyoweza kuanza. Anawaeleza akiwa amesimama.

Mwezi wa Juni mvua ya kwanza kubwa ilishuka mchana. Ismay alizunguka nyumba nzima akitazama juu. Alipapasa ukuta wa jikoni. Alipapasa ukuta wa chumbani. Pakavu. Alipiga simu Brooklyn, akainyanyua kuelekea mabati.

"Unasikia?"

"Nasikia," alisema Alban. "Na mti?"

Ismay alitoka kwenye mvua bila kujifunika. Mche ulikuwa umeinama kidogo, lakini kileleni palikuwa na jani jipya, laini, ambalo jana halikuwepo.

"Umeshika," alisema.

Alirudi ndani akidondosha maji. Ufagio ulikuwa kwenye kona, na sakafu haikuwa na cha kufagia. Alivuta kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akakaa.

Egbert alishusha gazeti.

"Haya!" alisema. "Miezi kumi na moja nilidhani kiti hiki hakina mwenyewe."